Gramu Tatu na Kitu

Kwamboka alizifungua kutoka pindo la leso,
fundo la kwanza, la pili, la tatu kwa meno,
akazimwaga juu ya kitambaa changu cheusi:
sarafu tatu, hazijafikia kifungo cha koti.

"Padri Mwitaliano alimwachia marehemu,
kwa miaka kumi na tisa ya kumwendeshea gari.
Wengine huachiwa shamba."
Akacheka kidogo, kisha akaacha.

Chini yetu River Road ililowa manyunyu ya Julai,
mtu akinadi betri kwa kipaza sauti kibovu.
Nikavaa lenzi,
jicho langu la tatu, lile lisilo na adabu.

Ya kwanza: mwanamume kajitanda nguo hadi utosini
kama mama zetu waingiapo kanisani,
mkononi bakuli, anamimina kinywaji motoni.
Nilimjua mara moja. Babu Musembi aliionjesha ardhi
kabla ya kuonja mwenyewe,
na hakuna serikali iliyompiga chapa.

Ya pili haina mtu. Ina vyombo tu:
jagi, kinyunyizio, upawa,
na fimbo iliyojikunja kichwa kama jimbi la feni.
"Upawa!" akasema Kwamboka.
"Kumbe hata miungu yao ilikuwa na jikoni."
Fimbo, nikamwambia, ni ya kuigawa mbingu:
ndege akipita upande huu, nendeni vitani;
akipita ule, ngojeni.
Makorongo yetu ya mzunguko wa Nyayo
hayapiti popote. Yanangoja taka.

Nilichelewa kuigeuza ya tatu.
Nilikuwa nafikiria tembo wa shilingi ishirini,
simba wa kumi, twiga wa moja, mfukoni mwangu;
jinsi tulivyovitoa vichwa vya watu kwenye sarafu
tukaweka wanyama, wasioomba kura wala sadaka.

Ya tatu: mwanamke amesimama wima,
masuke ya ngano mkono mmoja, sinia la matunda wa pili.
Jina lake kwa lugha yetu ni Uaminifu.
Walimjengea hekalu, wakamchinjia.
Ubavuni mwake kuna mkato,
patasi ya mvunja fedha fulani
aliyeamka siku hiyo na shaka.
Na ndani ya mkato, wekundu.

Ngozi fedha, nyama shaba.

Nikaipima. Wenzake gramu tatu na kitu.
Yeye mbili na nusu.
Mtu aliketi usiku, mlango ameukomea,
akawapanga miungu wote mbele yake,
na wa kughushi akamchagua huyu.

Nilimweleza Kwamboka yote, sikumficha.
Nikamweleza pia kuwa mbili zile ni halali,
kwamba wako watu wa kukusanya vitu hivi
wangelipa zaidi ya uzito.
"Hao sitawapata kabla ya Ijumaa.
Moraa anavalishwa kofia ya uuguzi Ijumaa.
Nitengenezee herini."

Lugha yetu haikujali kutenga:
fedha ni madini, fedha ni karo,
fedha ndiyo iliyovunja nguu, milima ikalala.
Nikawasha gesi.
Upawa ndio uliotangulia,
kisha jagi likalegea mdomo,
fimbo ikajinyoosha mara moja, kama iliyokumbuka kitu.
Yule wa kujitanda alikawia.
Nguo yake ilimwingia usoni,
bakuli likammwagikia,
halafu kikabaki kitone kimoja kinachotetemeka
na ndani yake taa yangu, na dari, na mimi.

Nilitaka kusema neno. Sikujua la dini gani.

"Na hii ya shaba? Nikutupie?"
"Lete hapa."
Aliusugua ule mkato kwa kidole gumba,
polepole, kama anayepima homa.
"Ogeto naye alikuwa hivi hivi.
Mwaka wa sita nilimkata, nikaona ndani.
Nikakaa naye."

Akairudisha pinduni.
Safari hii alifunga fundo moja tu.